Uzi Mwekundu kwenye Kikombe

Wifi yangu ni fundi wa nguo, na mtaani wanamwita Fundi Pindo. Ukilichukua gauni aliloshona, ukaligeuza nje ndani, ukatafuta pale uzi ulipopita kwenye pindo, utatafuta mpaka macho yakuume. Mshono wake haujionyeshi. Na yeye mwenyewe ndivyo alivyo. Likimkuta jambo, ananyoosha uso kama shati lililotoka kwenye pasi, na wewe unayeshinda naye kutwa hujui kitu. Habari za pasi nazijua mimi, maana ndiyo kazi yangu. Yeye anashona, mimi napiga pasi, meza zetu zimegusana kwenye chumba cha mbele, dirisha linatazama njia na mlango unatazama ua.

Ni mke wa kaka yangu. Kaka ni mpaka rangi, na majengo ya kupaka siku zote yako mbali, kwa hiyo nyumbani tuko wanawake watatu: mama yangu, wifi, na mimi ambaye ndoa yangu ilivunjika mapema na sijutii. Mimi na wifi tulianza kuchokozana siku alipoletwa na hatujaacha. Mawifi wakianza kuambiana "tafadhali" na "samahani", ujue nyumba inaungua.

Ua wetu ni wa wapangaji. Asubuhi tunakunywa chai pamoja, birika moja kubwa jeusi, leo majani yanatoka chumba hiki, kesho chumba kile. Vikombe vya wote vinaning'inia ukutani kwenye ubao wenye misumari, na kila mtu anakijua chake. Anayemimina ni wifi. Hakuna aliyemchagua. Alishika birika siku moja, tukaona mkono wake hautikisiki, basi.

Chumba cha mwisho anakaa muuza mkaa. Tunamwita Bwana Mkaa, na makaa ya pasi yangu yanatoka kwake. Zamani kidogo, kabla wifi hajazaa, Bwana Mkaa aliugua kifua kikuu. Alikohoa mpaka tukawa tunamhurumia na kumchukia kwa pamoja. Alipoanza dawa na sote tukajua ni nini, wifi alifungua droo ya cherehani, akatoa uzi mwekundu, akaufunga kwenye mkono wa kikombe cha yule bwana kwa fundo lake dogo lisilofunguka.

"Mtu asije akakosea," alisema.

Hakuna aliyepinga, na mimi nikiwemo. Tangu siku hiyo, alipommiminia chai alinyoosha mkono wote, akasimama kule mbali kama anayemwagilia mmea wa miiba, na chai ikawa inamrukia mwenzake vidoleni. Bwana Mkaa alimaliza dawa zake, akapona, akarudi kubeba magunia. Uzi ulibaki pale pale. Wifi hanunui uzi unaochujuka.

Mtoto wa wifi alichelewa kuja, na alipokuja alikuja na sauti. Akilia, cherehani inasimama, pasi inawekwa chini, mama anaacha sufuria jikoni. Tukampa cheo chake: Bosi. Ni wa kike, mashavu yamejaa, na wakati habari hii inaanza alikuwa bado hajakaa mwenyewe, wala hajaonja kitu chochote isipokuwa ziwa la mama yake.

Kikohozi cha wifi kilianza kidogo. Alisema ni vumbi la vitambaa. Tuliamini, na kwa nini tusiamini, vumbi lilikuwepo. Halafu akaanza kukonda, akasema ni kunyonyesha. Akawa anaamka gauni limelowa jasho, akasema ni joto. Kila swali lilikuwa na jibu lake, na kila jibu limekunjwa vizuri. Siku moja akasema anakwenda kununua vifungo, akakawia mpaka mama akaanza kuchungulia njiani. Hakuwa amekwenda kununua vifungo. Alikwenda zahanati.

Yaliyotokea huko aliniambia mwenyewe baadaye, yote yalipokwisha kufumuka. Zahanati yetu ina mlango wa mwisho, na nje ya mlango huo kuna benchi moja barazani, kwenye upepo. Wagonjwa wengine wanangoja ndani. Wa kifua wanangoja nje. Hakuna kibao, lakini mtaa mzima unalijua benchi lile, na ukipita ukamwona mtu amelikalia, huna haja ya kuuliza. Wifi alilikalia akiwa ameupa mgongo mtaa, mtandio umevutwa mpaka puani. Anasema hajawahi kuona aibu kama ile hata siku aliyoanguka na ujauzito wake mbele ya watu.

Muuguzi wa mlango ule ni mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini. Alimwambia wazi kwamba ni kifua kikuu, kwamba kinatibika, kwamba dawa ni za miezi sita na asiruke hata siku moja.

"Una mtoto mchanga?" akamwuliza.

"Ninaye. Ananyonya."

"Endelea kumnyonyesha. Kila ukimshika, vaa barakoa hii, mpaka mimi nitakapokwambia basi. Nawa mikono, fungua madirisha. Na kesho umlete, tumwangalie, tumpe na yeye dawa ya kumkinga."

Wifi aliitikia kila neno. Njiani akapita dukani akanunua vifungo kweli, ili uongo wake usije mikono mitupu, na dawa akazilaza chini ya vifungo. Akaingia uani. Na kitu cha kwanza kilichompokea ni ule ubao wa vikombe, na kwenye ubao ule kikombe cha Bwana Mkaa, na uzi wake mwekundu.

"Wifi, sikuogopa kufa," aliniambia. "Niliogopa msumari wangu pale ukutani."

Hapo ndipo alipopotea. Akivaa barakoa, ua mzima utajua. Na yeye alijua vizuri ua wetu ukijua unafanya nini, maana ndiye aliyeufundisha. Akimnyonyesha mtoto bila barakoa, atamkoholea usoni, na hilo roho yake haikukubali. Basi akafanya wanavyofanya mafundi kitambaa kikikataa kukaa: akakata. Barakoa aliitia kwenye droo, chini ya bobini. Dawa akazitia kwenye kopo la pini, na nasema haki yake, alizimeza kila siku. Mtoto hakumpeleka kesho yake wala kesho kutwa. Na jioni ile ile akamwambia mama kwamba maziwa yamekauka.

"Yamekauka vipi?" mama aliuliza. "Asubuhi mtoto alikuwa anapaliwa kwa wingi wake!"

"Yamekauka tu, mama."

"Maziwa si kisima, mwanangu. Mtoto akivuta yanakuja."

"Nimejaribu, mama. Hayaji."

Mama alimtazama, akaguna, akaenda kutafuta chupa. Kuanzia siku hiyo Bosi akawa mtoto wa chupa na maziwa ya kopo. Chupa aliikataa. Aliipiga kofi, akaitema, akageuza kichwa huku na huku akitafuta kifua kwa mdomo, na alipokosa alilia kwa hasira ya bosi aliyecheleweshewa chai. Wifi aliondoka chumbani kila alipolia. Usiku mtoto akalala na mama yangu. Mtoto alipomnyooshea mikono, wifi aligeuza uso. Alikuwa anazuia pumzi, maskini, lakini nani alijua? Sisi tuliona mama anayemgeuzia mwanawe kisogo.

Mama yangu si mtu wa kumung'unya maneno. Siku moja alimsimamia pale pale kwenye cherehani, mtoto begani. "Nimezaa, nimezika, nimelea wa wengine," alisema. "Lakini mama anayekimbia macho ya mtoto wake sijapata kumwona mpaka ulipokuja wewe."

Wifi alikanyaga pedali, cherehani ikanguruma, mama akaondoka akisonya.

Na hiyo cherehani nayo ilikuwa na habari yake. Wifi kwa kawaida hushona kwa vituo: anakwenda, anasimama, anageuza, anakwenda. Siku hizo akawa mara anakanyaga kwa kasi ghafla, mashine inapiga kelele kama inavunjwa, halafu kimya. Niliinuka kuongeza makaa kwenye pasi, nikapita nyuma yake, nikaona sindano inapanda inashuka, inapanda inashuka, na chini yake hakuna kitambaa. Uzi wenyewe haukuwemo. Yeye ameinama, ngumi mdomoni, mabega yanatikisika.

"Wifi, unashona hewa?"

Akashtuka. "Naitia mafuta."

"Mafuta hutiwa kwa mbio hizo?"

"Hebu angalia shati la watu. Linaungua."

Na kweli lilikuwa linaungua. Nikaliwahi, nikamtukana kidogo, na shughuli ya kola ile ikanisahaulisha. Leo nikikumbuka naona haya. Mwanamke alikuwa anaficha kikohozi chake ndani ya mngurumo wa cherehani, hatua moja kutoka nilipo, na mimi nikahangaika na kola.

Halafu nikagundua vitambaa. Chini ya mashine tuna mfuko wa mabaki ya kukatia, ambayo mimi huyatumia kufutia pasi. Nikatia mkono, nikatoa kipande cha bitana kilicholowa, kimekakamaa pembeni, kinanuka maziwa yaliyochacha. Nikatoa kingine, vile vile. Nikasimama nacho mkononi. Maziwa hayakuwa yamekauka. Wifi alikuwa anajifungia bafuni, anayakamulia kwenye matambara, kisha anajifunga kifua kwa utepe wa bitana ili gauni likae sawa. Mtoto analilia maziwa chumbani, maziwa yanamwagwa bafuni.

Nilifikiri vibaya. Nilifikiri anataka kurudisha umbo la usichana, maana wafanyao hivyo wapo. Nikamnunia. Tukaanza kuambiana "tafadhali" na "samahani". Kaka alipopiga simu kutoka huko kazini, wifi alimwambia, "Sote wazima," na mimi nikasikia nikabenua mdomo.

Bosi alianza kuharisha. Mwanzo mama alisema ni meno, ingawa ufizi ulikuwa laini kama siku ya kwanza. Chupa tulichemsha, maji tulichemsha, lakini mtoto aliyezoea ziwa tumbo lake halikukubaliana na lile kopo. Mashavu yakaingia ndani. Akaacha kupiga kofi chupa, na hilo ndilo lililotutisha zaidi, kwa sababu bosi asiyegomba si bosi tena. Asubuhi moja mama alimnyanyua, akamtazama akilia, akaniita kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Njoo uone. Analia hana machozi."

Tulitoka mbio, hatukungoja hata chai. Mama amempakata mtoto, mimi nimebeba mfuko wa nguo zake, wifi anatufuata nyuma kidogo. Hata katika haraka ile alikuwa amevaa gauni lake la buluu hafifu, lililokaa mwilini kama limechorwa. Nikasema moyoni, tazama huyu, mtoto anakufa yeye anapendeza. Sikujua kwamba hilo ndilo gauni pekee lenye bitana nene kifuani.

Zahanati ilijaa. Tukaingia ndani, kwenye mabenchi ya watoto, foleni inaelekea kwenye mizani. Mama alikaa na mtoto mapajani. Wifi hakukaa. Alisimama mbali karibu na dirisha, uso nje, na kila nilipomwonyesha nafasi alitikisa kichwa.

Mtoto alianza kulia. Hakikuwa kile kilio chake cha kusimamisha kazi. Kilikuwa chembamba, cha kukatikakatika, na alikuwa amegeuzia kichwa upande wa dirisha. Mtoto anamjua mamaye hata akimpa mgongo. Nikamtazama wifi. Mabega yake yalikakamaa. Akaukumbatia mwili wake kwa mikono miwili, akabana, akabana sana. Halafu alipogeuka kumtazama mwanawe, nikaona.

Gauni la buluu lilikuwa linalowa. Mwanzo madoa mawili madogo, kisha yakatanuka, yakakutana, yakashuka mpaka kiunoni. Utepe, bitana nene, mishono isiyojionyesha, vyote havikusaidia kitu. Maziwa yalimsikia mtoto yakaja, na yalikuja mbele ya foleni nzima.

Mwanamke mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Wifi alishusha macho akajiona, akajaribu kujifunika kwa viganja, na maji meupe yakampita katikati ya vidole. Sijawahi kumwona mtu akitafuta namna hiyo pa kutia uso. Ardhi ingepasuka angeishukuru.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema polepole, "Yamekauka, eh?"

"Mama..."

"Mjukuu wangu hana machozi, na wewe umelowa. Niambie mimi sielewi nini hapa."

"Sikutaka kumwua, mama."

"Nani kakwambia ziwa lako linaua?"

Wifi alitazama foleni, akatazama mlango, akamtazama mtoto. Nadhani alitafuta uongo mmoja wa mwisho akakuta umekwisha. Akasema, tena si kwa kunong'ona, "Nina kifua kikuu. Nimepewa dawa hapa hapa. Niliambiwa nimnyonyeshe nikiwa na barakoa, nikaona aibu kuivaa mkaniona. Nikaona heri niseme yamekauka."

Mama mmoja aliyekaa karibu yetu alimhamisha mtoto wake kutoka goti hili kwenda goti lile, lile la mbali. Alifanya taratibu, kwa adabu, akijidai anamweka vizuri. Wifi aliona. Nami niliona kwamba ameona, na nilijua anawaza mkono gani uliowahi kunyooshwa mbali kwa adabu hiyo hiyo.

Mama yangu akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Wewe umeshazaa, umebaki kuficha nini?" Na sauti yake ikavunjika katikati.

Minong'ono ya foleni ilimtoa muuguzi yule wa mlango wa mwisho. Alimtambua wifi mara moja. Hakusema neno mbele za watu. Alimchukua mtoto, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaita mwenzake alete maji ya chumvi na sukari yale ya kuharisha, kisha akatutoa sote nje, kwenye lile benchi la barazani. Tukaketi. Mtaa ulikuwa unapita. Mama yangu, ambaye hajawahi hata kusimama karibu na benchi lile, alikaa katikati yake.

"Nilikungoja kesho yake," muuguzi alimwambia wifi.

"Niliona aibu."

"Dawa?"

"Nameza. Sijaruka."

"Hapo umenisaidia. Pengine ugonjwa hauna tena nguvu ya kumwambukiza mtu, lakini sitabahatisha, tutapima tena makohozi. Sasa nisikilize, na bibi naye asikilize. Ugonjwa huu hausafiri ndani ya maziwa. Unasafiri kwa pumzi, mtu akikohoa, akicheka, akiimba karibu yako. Ndiyo maana nilikupa barakoa. Sikukupa chupa."

Wifi aliinama kabisa. Nilidhani ataanguka.

"Yatarudi?" mama aliuliza. "Maana amekuwa akiyamwaga."

"Bibi, mwangalie gauni lake. Hayajaenda popote. Mtoto akivuta yataongezeka."

Akamfunga wifi barakoa mpya kwa mikono yake mwenyewe, akambana juu ya pua, akamnawisha. Wifi alifungua vifungo. Ule utepe wa bitana uliacha alama nyekundu mbavuni, na mama alipoziona aliziba mdomo. Bosi aliwekwa kifuani. Kwanza hakutaka. Alimtazama yule mtu mwenye nusu uso, akasita, na wifi akaanza kulia ndani ya barakoa, "Nisamehe, nisamehe, ni mimi." Mtoto akanusa. Akafungua mdomo, akakamata, na tukasikia anameza. Mama alisimama, akatanua mtandio wake, akaupa mtaa mgongo, akabaki hivyo mpaka mtoto aliposhiba.

Mtoto alipimwa. Ugonjwa haukuwa umempata, na muuguzi akaanza kumpa dawa ya kumkinga, ya kupondwa kila siku na kumezwa kwa kijiko. Lakini alisema jambo jingine pia: tunaokaa na wifi lazima tupimwe, na wapangaji wanaoshinda naye uani nao wafike. Wifi alifumba macho. Alijua maana yake. Kilichomfanya amnyime mtoto ziwa sasa kingesemwa uani na mkwe wake, mchana kweupe.

Mama alisema jioni ile ile, amesimama mlangoni, bila kupamba. Wapangaji walimpa pole. Walisema watakwenda kupimwa, na kweli walikwenda, nami nikakohoa njia nzima kwa woga tu, na hatukukutwa na kitu. Watu wa ua wetu si wabaya. Nataka lijulikane hilo kabla sijasema kilichofuata.

Asubuhi wifi alitoka kwa chai, barakoa usoni, Bosi mgongoni mwangu. Alinyoosha mkono kwenye ubao kuchukua kikombe chake. Mkono ukasimama hewani. Kwenye kikombe chake kulikuwa na uzi mwekundu.

Sijui nani aliufunga mpaka leo, na sitaki kujua. Birika lilikuwa linachemka peke yake. Damu ilinipanda, nikaruka niukate, nikiwa nimeshaandaa na matusi ya kila chumba, lakini wifi alinizuia kwa kiganja. Alikuwa analitazama fundo.

"Wamefunga vibaya," alisema. "Litalegea."

Mtu mmoja alicheka kidogo akajuta. Wifi alichukua mkasi wake mdogo wa nyuzi, ule unaoning'inia shingoni mwake siku zote, na tukadhani anaukata. Hakuukata. Alipita kikombe chake, akakitoa msumarini kikombe cha Bwana Mkaa, na akaanza kuhangaika na lile fundo lake mwenyewe, fundo zuri, fundo la fundi. Mkono ambao hautikisiki ulitikisika. Mkasi ulimponyoka mara moja akauokota. Hatimaye uzi ukakatika, akauvuta, ukaacha mstari mweupe kwenye mkono wa kikombe, mahali ambapo masizi hayakuwahi kufika.

Bwana Mkaa alikuwa amechutama kwenye kizingiti cha chumba chake. Wifi alimpelekea kikombe, akasimama hatua chache mbele yake, hakujua asogee au asisogee.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Ulipopona sikuukata."

Bwana Mkaa alikizungusha kikombe mikononi, akapitisha kidole kwenye ule mstari. Ni mtu wa maneno machache. Anauza mkaa, haubembelezi.

"Uzi haukuniuma, fundi," alisema. "Nilikuwa nakijua kikombe changu hata gizani. Kilichoniuma ni kumiminiwa kwa mbali."

Wifi alisimama pale na uzi wake kiganjani, na aibu aliyoikimbia tangu siku ya vifungo ilikuwa imemfika yote, mbele ya wote, na ilikuwa yake kwa haki.

Bwana Mkaa akainuka. Akapita karibu naye, akaenda kwenye ubao, akatoa kikombe cha wifi na uzi wake kama ulivyo, akachukua birika. Akarudi mpaka pale alipo, karibu kabisa, bega kwa bega, akamimina polepole, mdomo wa birika ukigusa ukingo wa kikombe, mpaka kikajaa. Hata tone halikumwagika.

"Kunywa," alimwambia. "Unanyonyesha."